Mwalimu Lewis na Ugonjwa wa Mkewe

Katika mtaa wetu, kama katika mitaa mingi ya Kanisa, zipo nyumba ambamo mtu anauguzwa. Tunapotoka ibadani Jumapili tunawauliza wenye nyumba hizo hali ya mgonjwa, nao wanatujibu kwamba hajambo kidogo, kisha kila mtu anashika njia yake. Anayeuguza saratani iliyokwisha kuenea mwilini ndiye ajuaye uzito wa jibu hilo. Leo analitoa kwa sababu mgonjwa amekunywa uji. Kesho atalitoa kwa sababu hataki kulia mbele za watu.

Kwa ajili ya hao nimeona vema kueleza habari za Mwanglikana mmoja mashuhuri ambaye ugonjwa huu ulibisha hodi kwake mara tatu, ukamchukua mama, kisha baba, kisha mke. Huyo ni C. S. Lewis. Wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya hadithi za watoto za nchi ya Narnia, na wengine kwa sababu ya vitabu vyake vya kuitetea imani. Hayo nitayapita upesi. Nataka kukaa zaidi katika chumba cha mgonjwa, maana hapo ndipo mtu huyu aliyewafundisha maelfu alipokuwa mwanafunzi.

Clive Staples Lewis alizaliwa Belfast, Ayalandi, tarehe 29 Novemba 1898. Baba yake, Albert, alikuwa wakili. Mama yake, Flora, alikuwa binti wa kasisi, na alikuwa amesoma hisabati katika chuo kikuu, jambo ambalo wanawake wachache sana wa siku zile walilipata. Yeye ndiye aliyemwanzisha mwanawe Kifaransa na Kilatini. Watoto walikuwa wawili tu, Warren na huyu mdogo, ambaye tangu utoto aliyakataa majina yake akataka aitwe Jack, na Jack ndilo jina ambalo rafiki zake walimwitia mpaka kufa kwake.

Mwanzoni mwa mwaka 1908 Flora aliugua. Madaktari walikuja wakampasua mle mle nyumbani, wakakuta saratani. Akapata nafuu kidogo, watu wakatumaini, kisha akarudi kitandani. Tarehe 23 Agosti akafariki, siku ileile ya kuzaliwa mumewe. Jack alikuwa na umri wa miaka tisa.

Mtoto yule alikuwa ameomba sana. Alikuwa amefundishwa kwamba aombaye kwa imani hupewa, basi akajilazimisha kuamini kwa nguvu zake zote kwamba mama atapona. Mama alipokufa hakuacha. Aliendelea kuomba afufuke. Hakufufuka. Nimesikia ikisemwa kwamba hapo ndipo Lewis alipoipoteza imani yake, lakini yeye mwenyewe, alipoandika habari za ujana wake mwaka 1955, hakusema hivyo. Alieleza kwamba wakati ule alimwona Mungu kama mganga tu, wa kuitwa afanye kazi moja halafu aende zake, na kazi ilipokosa kufanyika mtoto hakulifikiri tena jambo hilo. Imani aliiacha miaka ya baadaye, shuleni, kwa sababu nyingine. Kilichoondoka siku ile ya Agosti, kwa maelezo yake mwenyewe, ni utulivu. Furaha za hapa na pale ziliendelea kuja, lakini ile salama ya zamani haikurudi.

Baba yao naye alikuwa amezidiwa. Mwaka huohuo mmoja Albert alimzika baba yake, mkewe na ndugu yake. Hakuwa na nguvu za kukaa na watoto wake akawaeleza neno, na kabla Septemba haijaisha Jack alikuwa amevushwa bahari kwenda shule ya bweni Uingereza, chini ya mwalimu mkuu mkatili. Sisi tuliofundisha tumewaona watoto wa namna hiyo wakiingia darasani wiki moja baada ya msiba, na mara nyingi tumewataka wafungue vitabu ukurasa wa ishirini kana kwamba hakuna lililotokea.

Sasa naruka miaka mingi. Lewis alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza, akajeruhiwa Ufaransa mwaka 1918. Mwaka 1925 akawa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika Chuo cha Magdalen, Oxford. Mwaka 1929 baba yake aliugua, na Lewis akaenda Belfast kumwuguza kwa majuma kadhaa. Alipasuliwa, ikaonekana saratani, lakini ilidhaniwa kwamba hatari haikuwa karibu, na mwana akarudi kazini. Siku chache baadaye aliitwa upesi. Alipofika, mzee alikuwa amekwisha kufariki. Mwaka 1931 Lewis alirudi katika imani ya Kikristo. Mwaka 1940 alitoa kitabu cha kueleza kwa nini Mungu mwema anaruhusu wanadamu wateseke, na katika miaka ya vita sauti yake ilisikika katika redio ya BBC akiifafanua imani kwa lugha nyepesi. Hadithi za Narnia zilitoka moja moja tangu mwaka 1950.

Katika hadithi iliyotoka mwaka 1955 yumo mvulana ambaye mama yake anakufa kitandani. Mvulana anatumwa nchi ya mbali kuchuma tofaa, na mwisho anapewa tofaa jingine la kumpelekea mama, naye anakula na kupona. Mtu wa miaka hamsini na zaidi, ambaye mama yake hakupona, ndiye aliyeyaandika hayo.

Mtu huyu alikuwa na desturi ya kujibu barua za wasomaji wake, hata za watoto, kwa mkono wake mwenyewe. Ndivyo alivyofahamiana na Joy Davidman, mwanamke mshairi wa New York, Marekani, Myahudi kwa kuzaliwa, aliyekuwa zamani mkomunisti asiyemwamini Mungu kisha akaja kumwamini Kristo. Joy alianza kumwandikia mwaka 1950. Ndoa yake huko kwao ilikuwa ikivunjika, na mwaka 1953 alihamia Uingereza na watoto wake wawili wa kiume, David na Douglas. Mwaka 1956 serikali ilikataa kumwongezea ruhusa ya kukaa. Lewis, kapera wa miaka 57, akamsaidia kama rafiki: tarehe 23 Aprili walifunga ndoa ya serikali, ile tunayoiita ndoa ya bomani, ili yeye na watoto wasifukuzwe nchini. Kila mmoja akaendelea kukaa nyumbani kwake. Lewis alidhani amemaliza.

Mwezi wa Oktoba mwaka uleule Joy aliinuka nyumbani kwake kwenda kwenye simu, akajikwaa, akaanguka, na fupa la paja likavunjika. Picha ya eksirei ilionyesha sababu: fupa lilikuwa limeliwa na saratani. Ilikuwa imeanzia katika titi na kuenea. Alipasuliwa zaidi ya mara moja, akatolewa na vifuko vya mayai ili kuinyima saratani chakula chake, akapigwa mionzi. Katika majuma yale ya kwenda na kurudi hospitalini Lewis aligundua kwamba mwanamke yule hakuwa rafiki tu. Alimpenda. Ni jambo la ajabu, mtu kumpata mke wake katika wodi ya wagonjwa mahututi.

Alitaka wabarikiwe na Kanisa. Lakini Joy alikuwa mtalaka, mume wa kwanza alikuwa hai, na kwa kanuni ya Kanisa la Uingereza ya wakati ule Askofu wa Oxford hakuruhusu. Lewis alitoa hoja kwamba ndoa ile ya kwanza haikuwa ndoa, kwa kuwa yule mume alikuwa amemwacha mke mwingine kabla yake, askofu hakubadilika. Simlaumu askofu, alikuwa na kanuni ya kuilinda. Mwezi wa Machi 1957 madaktari walikuwa hawana la kufanya tena. Lewis akamwita kasisi mmoja aliyemfahamu, Peter Bide, ambaye ilisemekana kwamba mtoto mmoja mgonjwa sana alipona baada ya maombi yake. Alimwita aje amwekee Joy mikono. Bide alipofika akaelezwa na habari ya ndoa pia. Hakuwa na ruhusa. Hata dayosisi ile haikuwa yake. Alijitenga, akaomba, akafikiri, akaona hawezi kumnyima mtu anayekufa. Tarehe 21 Machi, mbele ya Warren na muuguzi mkuu wa wodi, Joy akiwa kitandani, akawafungisha ndoa na kuwapa Ushirika Mtakatifu. Kisha akamwekea mikono na kumwombea. Baadaye alikwenda mwenyewe kujieleza kwa maaskofu.

Mwezi wa Aprili hospitali ilimrudisha Joy nyumbani kwa Lewis afie huko. Kitanda chake kiliwekwa chumba cha chini. Wauguzi walikuwapo, na Lewis alijifunza kazi zote za kumhudumia mtu asiyeweza kujigeuza. Wavulana wawili, wa miaka kumi na zaidi kidogo, walikuwa humo humo ndani. Ukumbuke, msomaji, kwamba Lewis alikuwa karibu na umri wao mama yake alipokuwa akifa chumbani.

Joy hakufa. Maumivu yalipungua. Fupa lililokuwa limeliwa likaanza kujijenga. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa anatembea kwa fimbo, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Katika muda huohuo mifupa ya Lewis mwenyewe ilianza kupoteza chokaa yake, akaumwa sana, akalazimika kuvaa mkanda wa kushikilia mgongo. Alikuwa ameomba achukue maumivu ya mkewe, na aliona kwamba alivyopungukiwa yeye ndivyo mkewe alivyoongezeka. Madaktari wangelieleza vingine. Mimi nalitaja tu, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwaambia rafiki zake.

Hapa ningependa tutulie kidogo. Wengi wetu, jambo la namna hii likitutokea, tungepanda madhabahuni Jumapili ya kwanza kutangaza kwamba saratani imeshindwa. Lewis hakufanya hivyo. Mwaka 1959 aliandika makala juu ya kuomba, akataja kisa cha mwanamke ambaye fupa la paja lake lililiwa na saratani, akaombewa, akatembea, bila kusema kwamba mwanamke huyo yumo nyumbani kwake. Akasema wazi kwamba hakuna awezaye kuthibitisha kuwa maombi ndiyo yaliyoponya. Akakumbusha kwamba Bwana wetu mwenyewe katika Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, nacho hakikumwepuka. Yule mtoto wa Belfast aliyemwita Mungu kama mganga alikuwa amekua. Aliomba kwa bidii, akapokea kwa shukrani, hakudai hati ya kumiliki.

Na tumaini lenyewe halikuwa jambo jepesi kubeba. Mwenye kuuguza hulala na habari njema akaamka na hofu, na kila maumivu ya mgongo huuliza swali. Wao wawili waliamua kutofichana kitu. Joy aliijua hali yake tangu mwanzo, na Lewis hakumdanganya. Katika nyumba zetu nyingi tunafanya kinyume: daktari anamwambia mjomba, mjomba anamwambia kaka mkubwa, na mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kujua, ingawa yeye ndiye aliyekwisha kujua wa kwanza. Matokeo yake watu wanaopendana hukaa chumba kimoja, kila mmoja peke yake. Lewis na Joy hawakuwa peke yao. Kwa sababu hakuna aliyekuwa na siri ya kulinda, walipata nafasi ya kucheka.

Walicheka sana, kwa kweli. Nyumba ile ya makapera wawili ilikuwa imechakaa. Joy akaifanyia matengenezo na kuipaka rangi. Jioni walicheza Scrabble, wakikubali maneno ya lugha yoyote wanayoijua, na zilikuwa nyingi. Julai 1958 walisafiri kwa ndege kwenda Ayalandi, fungate yao iliyochelewa. Warren, ambaye aliogopa kwamba mke angemfukuza nyumbani kwa mdogo wake, alimpenda kama dada.

Oktoba 1959 Joy alikwenda hospitali kwa uchunguzi wa kawaida. Saratani ilikuwa imerudi, katika mifupa mingi.

Nadhani mtihani wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Mara ya kwanza mtu hajui kitu. Mara ya pili anajua kila hatua ya njia, na tena ameonjeshwa kupona. Ila naona kwamba hapo tumaini lao lilibadili mahali pa kukaa. Waliendelea kuomba, na tiba iliendelea, lakini hawakungoja muujiza mwingine ndipo waishi. Joy tangu zamani alitamani kuiona Ugiriki, nchi ambayo Biblia zetu za zamani huiita Uyunani. Safari ilikuwa imepangwa kwa ajili ya Aprili 1960 pamoja na rafiki yao Roger Lancelyn Green na mkewe. Mtu mwenye busara angeifuta. Wao walikwenda. Joy, mwenye maumivu na mguu mfupi, alipanda mpaka juu ya kilima cha Acropolis katika mji wa Athens, akayaona magofu ya Mycenae, akafika visiwa vya Rhodes na Krete. Jioni alichoka sana, na Lewis alihangaika kumtafutia kiti. Walirudi wakiwa wamefurahi.

Mwezi wa Mei alipasuliwa tena. Mwezi wa Juni ilidhaniwa kwamba anakata roho, akainuka, akarudi nyumbani, na mwanzoni mwa Julai wakatoka kwenda kula chakula hotelini. Usiku wa tarehe 12 walicheza Scrabble yao. Alfajiri ya tarehe 13 Julai alipiga kelele kwa maumivu. Warren ndiye aliyeamka kwanza. Alipelekwa hospitali ya Radcliffe. Rafiki yao, kasisi Austin Farrer, alimpa maondoleo. Lewis alikaa karibu naye mpaka alipofariki usiku ule, mwenye umri wa miaka 45. Tangu siku aliporudishwa nyumbani afe, ilikuwa imepita miaka mitatu na miezi mitatu.

Katika majonzi yake Lewis alichukua madaftari yaliyokuwa matupu nyumbani akaandika. Yule aliyeeleza mateso kwa utaratibu mwaka 1940 sasa aliandika kwa hasira. Alilalamika kwamba matumaini yao hawakujitungia. Walipewa na picha za eksirei na zile nafuu za ajabu, kisha yakapokonywa. Aliuliza kama Mungu ni mwema. Aliona kwamba amebisha mlangoni na hakuna aliyefungua. Sikumsoma kwa raha, lakini naona heri hayo yaliyoandikwa kuliko maneno matamu tunayowasomea wafiwa wakati hawayasikii. Kurasa za mwisho ni tulivu zaidi. Siku moja, alipokuwa hajajilazimisha, aliamka moyo ukiwa mwepesi, na akamkumbuka mkewe vizuri zaidi siku ile kuliko siku alizokuwa akimlilia. Mlango, alihisi, haukuwa umefungwa kwa komeo kama alivyodhani. Jibu la maswali yake hakulipata, wala hakusema amelipata.

Kitabu kilitoka mwaka 1961 kwa jina la uongo, N. W. Clerk. Rafiki zake kadhaa, wasijue, walimpelekea nakala ili kimfariji, naye ikambidi ashukuru.

Kasisi Bide naye alikuwa na mzigo. Mkewe alipatwa na saratani, na yule aliyekuwa ameitwa kuomba kwa ajili ya mke wa mwingine sasa aliombewa na Lewis.

Lewis aliwalea wavulana wa Joy kwa muda uliobaki, akijibu barua za wasomaji, nyingi zikiwa za watu wanaouguza. Alifariki nyumbani Oxford tarehe 22 Novemba 1963, juma moja kabla ya kutimiza miaka 65. Magazeti ya dunia hayakuwa na nafasi yake, kwa kuwa Rais Kennedy wa Marekani aliuawa siku hiyohiyo. Watu wachache walimzika katika uwanja wa kanisa la Utatu Mtakatifu, Headington Quarry, kanisa la mtaa wake, ambako kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa amekaa ibadani pamoja na Warren, nyuma ya nguzo.